Kulea Mara ya Pili: Habari za Mabibi na Mababu wa Kagera

Leo napenda kuwasimulia habari ambazo vitabu vya historia havizitaji sana. Vitabu hutueleza habari za wafalme, za vita, za mikataba na za mipaka; ni mara chache kutueleza ni nani aliyewapikia watoto uji asubuhi, baada ya vita kwisha au baada ya maradhi kupita. Walakini kazi hiyo nayo ni historia, maana kama isingalitendwa, hapangalibaki mtu wa kuisimulia historia nyingine yo yote.

Nchi ninayotaka tuizuru ni Kagera, mkoa ulio upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, ukipakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Katika mkoa huo, tangu miaka ya 1980, maelfu ya wazee waliokwisha maliza kulea watoto wao walijikuta wakianza kulea upya. Walizika wana wao wenyewe, kisha wakarudi nyumbani wakiwashika wajukuu mkono. Nataka tuone jinsi jambo hilo lilivyotokea, jinsi wazee hao walivyojikaza, ni nini kilichowashinda, na ni nini kilichowainua.

DESTURI YA KALE

Kwanza yatupasa kujua ya kwamba mtoto kulelewa na bibi yake si jambo geni katika nchi zetu. Tangu zamani, pwani na bara, mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa aliweza kupelekwa kwa bibi yake, akakaa huko mwaka, hata miaka. Hakupelekwa kwa kuwa wazazi wake wamekufa. Alipelekwa kwa kuwa bibi alihitaji mtu wa kumchotea maji na wa kuzungumza naye jioni. Na mtoto naye alihitaji mtu asiye na haraka. Baba na mama wana shughuli nyingi, lakini bibi ana nafasi. Kwake ndiko mtoto alikojifunza hadithi na vitendawili, majina ya watu wa ukoo wake, adabu ya kula mbele ya wageni, na mti gani hufaa kwa dawa na upi ni sumu.

Miongoni mwa Wahaya, ambao ndio wenyeji wengi wa pande za Bukoba na Muleba, malezi hayo yalikuwa na mahali pake, napo ni kibanja. Kibanja ni shamba la migomba lizungukalo nyumba, na kati ya migomba hupandwa mibuni na maharage. Shamba la namna hii halipatikani kwa siku moja. Udongo wa sehemu nyingi za nchi ile hauna rutuba ya kutosha. Uliofanywa mweusi ni ule uliotiwa samadi ya ng'ombe na kutandazwa majani yaliyokatwa katika rweya, yaani uwanda wa majani ulio nje ya vijiji, mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi. Na wenye kibanja wakifa huzikwa humo humo. Kwa hiyo mtu aliyeishi katika kibanja alikula jasho la babu zake, akalala karibu na makaburi yao.

Katika mpango huo wa zamani, bibi alikuwa mlezi, lakini hakuwa peke yake. Nyuma yake walisimama baba na mama wa mtoto, wenye nguvu za kulima, wa kutafuta chumvi na nguo, na wa kumtetea mbele ya watu. Wahenga walisema, mafiga mawili hayainjiki chungu. Nyumba ilikuwa kama chungu juu ya mafiga matatu: wazee, wazazi na watoto. Sasa tutazame jinsi figa la katikati lilivyoondolewa.

VITA NA MARADHI

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yakavunja daraja la Kyaka, na kutangaza ya kuwa nchi ile ni yao. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa, na wengi wakakimbia makwao. Tanzania ilijibu, na mwezi wa Aprili 1979 majeshi yake pamoja na Waganda waliompinga Amin yaliingia Kampala. Vita vilikwisha, lakini viliacha nchi yenye upungufu. Bidhaa za dukani zilikuwa haba, na biashara ya magendo ikapita usiku na mchana katika mpaka na katika mialo ya ziwa. Vijana wengi walisafiri, wakilala mbali na nyumbani.

Katika siku hizo ndipo ulipotokea ugonjwa usiojulikana. Mtu mwenye afya alianza kukonda, kuhara na kukohoa, hata akabaki mifupa na ngozi, kisha akafa. Upande wa Uganda watu waliuita kwa jina la kukonda. Upande wa Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo za fahari zilizokuwa zikiletwa na wachuuzi kutoka ng'ambo ya mpaka. Wengine walidhani ni uchawi, kwamba wachuuzi waliodhulumiana ndio waliorogana. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa maradhi haya katika Tanzania walitambuliwa na madaktari katika mkoa wa Kagera, na jina lake likajulikana kuwa UKIMWI. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kupata wagonjwa.

Mwaka 1987 wataalamu walipima damu za watu wazima katika mkoa ule. Mjini Bukoba, katika kila watu 100 waliopimwa, 24 walionekana kuwa na virusi vya ugonjwa huo. Hebu fikirini maana ya hesabu hiyo katika mji mnaoujua ninyi: mwalimu, fundi, karani, mwenye duka, mama wa nyumba ya pili, mmoja katika kila wanne. Wala wakati ule hapakuwa na dawa ya kuuzuia.

Maradhi mengine huwachukua zaidi watoto wachanga na wazee. Hili halikuwa hivyo. Liliwachukua hasa watu wenye umri wa kuzaa na kufanya kazi, likawaacha watoto wao na wazazi wao wakitazamana. Katika nyumba nyingi alitangulia mume, akafuata mke. Au alitangulia mke, akafuata mume. Tena misiba mingine haikungoja zamu yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji, wakaacha yatima wengine juu ya wale waliokuwapo.

MZIGO ULIVYOKUWA

Basi na tumfikirie bibi mmoja, wala tusimtaje jina, maana si mmoja, ni wengi. Ana umri wa miaka 68. Alizaa watoto sita, na amezika wanne. Nyumbani mwake mna wajukuu watano waliotoka katika nyumba tatu mbalimbali. Mkubwa ana miaka 13, na mdogo hajatimiza miaka miwili. Alfajiri huamka kabla yao. Mkubwa huenda kisimani, wa pili hutafuta kuni, wa tatu humbeba mdogo. Bibi huingia shambani na jembe lake. Mgongo ukikataa, hukaa chini na kupalilia akiwa ameketi. Usiku mdogo akilia, ni yeye aamkaye.

Mambo matatu yaliwashinda wazee wa namna hii, nayo yalifungamana kama nyuzi za kamba.

La kwanza ni chakula. Nimekwisha kusema ya kwamba kibanja huishi kwa samadi. Mgonjwa alipokuwa akiuguzwa, ng'ombe aliuzwa ili kupata fedha ya dawa. Alipokufa, mwingine aliuzwa au kuchinjwa kwa ajili ya matanga. Ng'ombe wakiisha, samadi huisha. Samadi ikiisha, migomba hudhoofika. Tena kukata majani katika rweya na kuyabeba mpaka shambani ni kazi ya watu wenye nguvu, nao walikuwa kaburini. Kwa hiyo nyumba nyingi zilipanda mihogo na viazi vitamu zaidi, kwa kuwa mazao haya hayadai kazi nyingi. Tumbo lilijaa, lakini maharage yakipungua mezani, mwili wa mtoto hupungukiwa.

La pili ni fedha. Mtu asiyejua maisha ya shamba hudhani ya kuwa mwenye migomba hana haja ya fedha. Lakini chumvi haioti, wala sabuni, wala mafuta ya taa, wala daftari. Zao la fedha la Kagera lilikuwa kahawa, na mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka duniani pote. Basi mzee aliyebanwa na haja aliingia katika butura. Butura ni desturi ya kuuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ndogo, ili kupata fedha ya upesi. Kahawa ikiiva, mwenye mti hutazama, na mwenye fedha ndiye avunaye. Mzee wa namna hii alikula leo mavuno ya mwakani, na mwakani alianza na deni.

La tatu ni shule. Katika miaka ya 1990 shule za msingi zilitoza ada na michango, tena mtoto alitakiwa kuwa na sare. Bibi mwenye wajukuu watano alilazimika kuchagua. Mara nyingi alisoma yule ambaye mikono yake haikuhitajiwa sana nyumbani, na mara nyingi msichana mkubwa ndiye aliyebaki kumsaidia bibi.

Kati ya mwaka 1991 na 1994 wachunguzi walizitembelea nyumba zaidi ya 900 za Kagera, mara kwa mara, wakiandika habari za kila aliyekuwamo. Miaka kumi baadaye, mwaka 2004, walirudi kuwatafuta watu wale wale, wakiwamo watoto ambao sasa walikuwa vijana. Walipolinganisha habari zao waliona jambo hili: mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alipokuwa mtu mzima alikuwa mfupi kwa kadiri ya sentimita 2 kuliko alivyotazamiwa kuwa, na alikuwa amekosa mwaka mmoja wa masomo. Sentimita 2 si kitu kikubwa kwa macho. Lakini ni alama iliyoandikwa katika mifupa, wala haifutiki. Inatuambia ya kwamba kulikuwa na siku nyingi ambazo chakula hakikutosha. Tusilihesabu jambo hili kuwa kosa la bibi. Yeye aligawanya alichokuwa nacho.

HABARI ZA ARDHI

Kulikuwa na hatari nyingine, nayo haikuletwa na maradhi bali na watu. Kwa mila ya Wahaya, kama ilivyo mila ya makabila mengi ya nchi yetu, kibanja cha ukoo kilirithiwa na wanaume. Mwanamke alikitumia kwa kuwa ni mke wa fulani au mama wa fulani. Sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kurithi, lakini ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia tu katika maisha yake, asiiuze, maadamu wako wanaume wa ukoo huo.

Zamani mila hiyo ilikuwa na ulinzi ndani yake, maana ukoo uliochukua ardhi ulichukua na mzigo wa kuwatunza waliomo. Lakini misiba ilipozidi, wengine walipenda kuchukua ardhi na kuuacha mzigo. Mwana akifa, na mke wake akifa, na wajukuu wakiwa wangali wadogo, ndugu wa marehemu walikuja kudai ya kuwa bibi kizee hana haki juu ya migomba aliyoipalilia miaka 40. Si ndugu wote waliotenda hivyo, wengi walisaidia. Lakini waliotenda walitosha kuwatia hofu wazee wote.

Katika siku hizo ilitokea kesi iliyojulikana nchi nzima. Mwanamke mmoja Mhaya alikuwa amerithi shamba kwa wasia wa baba yake. Alipozeeka, akiwa hana wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Jamaa yake mwanamume alishitaki, akisema mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua ya kwamba haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984 hazibagui mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo mwanamke ana haki ile ile aliyo nayo mwanamume, na uuzaji wake ni halali. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliandika wazi ya kuwa haki ya mwanamke ya kupata na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Wasikilizaji wangu, hukumu ya mjini haifiki kijijini kwa siku moja. Wazee wengi hawakuisikia, na wengine walioisikia hawakuwa na nauli ya kwenda mahakamani. Hata hivyo ilikuwa mlango uliofunguliwa, na mlango uliofunguliwa ni bora kuliko ukuta.

KIMYA CHA MSIBA

Jambo jingine nalitaja kwa upole, maana linagusa moyo. Wazee wengi hawakuwaambia wajukuu habari za vifo vya wazazi wao. Mtoto akiuliza, "Mama yuko wapi?" aliambiwa, "Amesafiri." Walifanya hivyo kwa huruma; tena wao wenyewe walikuwa na kilio ambacho hawakukimaliza, na ugonjwa ule ulikuwa ni aibu kuutaja. Lakini mtoto si mjinga. Huona kaburi jipya kati ya migomba, husikia minong'ono ya wenzake, kisha hunyamaza, na kile anachokinyamazia humla ndani. Wengine walikuwa wakaidi, wengine walikaa shuleni wakitazama mbali, wakapigwa kwa uvivu, kumbe ni majonzi.

Katika miaka ya 1990 wanawake wa Uganda walioishi na virusi vya UKIMWI walianza kutumia vitabu vya kumbukumbu. Mama angali hai aliandika kwa mkono wake habari za kuzaliwa kwa mtoto, majina ya jamaa, tabia ya baba yake, na mambo aliyomtakia mwanawe. Upande wa Kagera, pale Nshamba katika wilaya ya Muleba, kulianzishwa katika miaka hiyo hiyo kazi iliyoitwa Humuliza, neno la Kihaya la kufariji, iliyowafundisha walimu na walezi kumsikiliza yatima kabla ya kumkemea. Na yatima wenyewe wa pande hizo waliunda chama chao, wakakiita Vijana Simama Imara, wakasaidiana katika kazi na katika mambo yao.

Hapa twaona jambo lililo karibu na desturi ya kale. Bibi wa zamani alikuwa ndiye hazina ya habari za ukoo. Msiba ulimfunga kinywa. Alipofunguliwa kinywa, akamwambia mjukuu, "Baba yako alikuwa mtu wa kicheko, na mgomba ule aliupanda yeye," alirudi kuwa bibi kamili, wala si mpishi tu.

FIGA LA TATU

Sasa tuulize: figa la katikati lilipoondoka, chungu kiliwezaje kukaa?

Kwanza, majirani. Katika vijiji vya Kagera vipo vyama vya kuzikana. Wanachama hutoa fedha kidogo, chakula, kuni na kazi ya mikono mmoja wao anapofiwa. Vyama hivi havikuweza kulea yatima mpaka akue, lakini vilimzuia mfiwa asimalize mali yake yote kwa siku saba za matanga. Pia mwaka 1989 Watanzania waliokuwa na wagonjwa majumbani walianzisha chama cha WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania, kusaidia wagonjwa, wajane na yatima. Na watu wa Kagera walikuwa mbele katika kazi hiyo.

Pili, serikali. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa Tanzania, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wakaandikishwa. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Dawa hizi hazimfufui aliyekufa, lakini zilimwezesha mama aliye mgonjwa kuishi akamlea mwanawe mwenyewe. Kwa hakika hapana msaada mkubwa aliopewa bibi kuliko huu, wa kuachiwa mwana wake akiwa hai.

Tatu, fedha ndogo ya kila mwezi. Mwaka 2003, huko huko Nshamba, ilianzishwa kazi iitwayo Kwa Wazee. Shabaha yake ilikuwa nyepesi kuieleza: kumpa mzee maskini kiasi kidogo cha fedha kila mwezi, na nyongeza kwa ajili ya wajukuu anaowalea, bila kumwamrisha anunue nini. Watu wengine walitia shaka, wakisema fedha itapotea bure. Mwaka 2008 wachunguzi walitoa ripoti ya kazi hiyo, na jina walilolipa lilitaja vitu vitatu: chumvi, sabuni, na viatu vya shule. Naam, hivyo ndivyo vitu walivyonunua wazee. Mtu aliyekosa chumvi haihitaji semina. Aipatapo hujua la kufanya nayo. Nao wazee waliopokea fedha walikula vizuri zaidi, na walipungukiwa na aibu ya kwenda kuomba kwa jirani.

Wazo hilo halikubaki Nshamba peke yake. Mwezi wa Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumpa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kila mwezi, awe alikuwa mwajiriwa wa serikali au mkulima au mvuvi. Upande wa Bara, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, katika awamu yake ya tatu iliyoanza mwaka 2012, ulianza kuzipa nyumba maskini fedha ili watoto waende shule na zahanati. Na Kenya mwaka 2018 ilianza mpango wa kuwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 za Kenya kwa kila mwezi.

MAFUNZO YA HABARI HII

Wasikilizaji wangu, yako mafunzo tunayoweza kuyachukua, hata kama hatukai Kagera. Kwa kuwa wajukuu bado wanalelewa na wazee katika vijiji vyetu vingi. Wengine kwa sababu ya kifo, wengine kwa sababu wazazi wamekwenda mjini kutafuta kazi na barua zao ni chache kuliko ahadi zao.

Funzo la kwanza ni hili: wazee hawakupungukiwa na mapenzi, wala hawakupungukiwa na maarifa. Walipungukiwa na nguvu, na fedha kidogo, na haki juu ya ardhi yao. Basi anayetaka kumsaidia bibi asianze kwa kumfundisha kulea. Aanze kwa kumuuliza ni nini kilichopungua. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwako mtazamaji ni mwepesi, kwake yeye aubebaye sivyo.

Funzo la pili ni la wenye nyumba. Wasia uandikwe mapema, mbele ya mashahidi, wala tusione kuandika wasia ni kujiita kifo. Mwenye kibanja aseme kwa maandishi ni nani atakayekaa humo, na wajukuu wadogo wamo katika ulinzi wa nani. Kijana aliye mjini naye asimwachie mama yake mtoto kama aachavyo mzigo kituoni. Amwachie pamoja na fedha ya matumizi, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kadi yake ya chanjo.

Funzo la tatu ni la wanafunzi, na hasa ninyi mnaolelewa na bibi au babu. Ninyi ni figa katika nyumba hiyo. Anayemchotea bibi maji kabla ya kwenda shule amefanya kazi ya mtu mzima. Lakini pia muulizeni bibi habari. Muulizeni ni nani aliyezikwa wapi, na nani aliupanda mti huu, na mipaka ya shamba hupita wapi. Yaandikeni katika daftari. Siku moja daftari hilo litakuwa hati yenu mbele ya baraza, na kumbukumbu yenu mbele ya watoto wenu.

Na funzo la mwisho ni la kuhofia. Mzee aleaye mara ya pili hufanya kazi akikimbizana na siku. Kila jioni hujiuliza: je, mdogo huyu atakuwa amefika wapi nitakapofungwa macho? Swali hilo si la bibi peke yake. Ni la ukoo, la kijiji na la serikali. Pale Kagera, palipopatikana jibu, hata jibu dogo la chumvi na viatu, mzee alipata usingizi. Na watoto waliosemwa ya kuwa wamekwisha potea, leo wengi wao ni watu wazima, wana majumba yao, na wengine wana watoto. Baadhi yao wanawatunza wale wale waliowatunza. Bibi aliyekaa chini ili apalilie, sasa hukaa chini kwa kuwa kuna mtu mwingine wa kulishika jembe.

Hapo ndipo habari yangu inapokoma leo. Kwa herini, wasikilizaji wangu, na mkirudi nyumbani wasalimuni wazee.